Msimu Nilipomwonea Tekla Wivu

16 Juni

Nimefika kambini jioni, vumbi hadi kwenye kope. Huu ni msimu wangu wa saba. Hema ni lile lile la pembeni karibu na jiko, na godoro ni lile lile lenye shimo la mgongo wa mtu mwingine. Bi Nanyaro, meneja wetu, amenipa karatasi ya wageni wa Julai: familia nne, watoto tisa, mdogo kuliko wote ana miaka mitatu. Huku kaskazini mwa Serengeti wanawake tunaoendesha watalii tunahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na kambi yetu ikipata wageni wenye watoto, wote ni wangu. Lohay, dereva mwenzangu, anasema mimi siendeshi gari, naendesha chekechea.

Noela hakulia nilipoondoka Karatu. Nimeliwaza hilo njia nzima. Mwaka jana alinishika mguu mpaka tukambandua kwa nguvu, nikaondoka na uchungu, lakini ulikuwa uchungu wenye raha ndani yake. Safari hii alinipungia mkono akiwa mgongoni kwa Tekla, kisha akaendelea na hindi lake la kuchoma. Ana miaka minne na nusu. Tekla ni mdogo wangu, tumbo moja, na kila msimu ndiye anayekaa na mwanangu tangu baba yake alipokwenda Arusha kutafuta kazi akapata mke. Tekla ameolewa na Mwalimu Hhando mwaka wa saba huu, na Mungu hajawapa mtoto. Sijawahi kumsikia akilalamika kuhusu jambo lolote. Watu wa namna hiyo wanatisha.

19 Juni

Mbung'o. Sina la kuongeza.

23 Juni

Mtandao unapatikana juu ya kilima cha mawe tu, nyuma ya mahema ya wafanyakazi, tena usimame upande wa mashariki na kunyoosha shingo. Nimepanda leo. Tekla akampa Noela simu. Nikamuuliza amekula nini, akasema bado, mama amemwambia anawe mikono kwanza.

"Mama gani?" nikauliza.

"Mama," akasema, kwa sauti ya mtu anayemwonea huruma mjinga.

Tekla akaichukua simu haraka. Akaeleza kwamba ni watoto wa jirani, wanamwita kila mwanamke mama, na Noela anaiga tu, na yeye kila siku anamsahihisha aseme mama mdogo. Nikacheka. Nilicheka vizuri sana, hata mwenyewe nikajisifu. Kisha nikashuka kilimani nikagombana na Lohay kwa ajili ya jeki ambayo wala sikuwa naihitaji.

5 Julai

Familia ya kwanza, watu wa Denmark: baba, mama, Viggo wa miaka saba na dada yake Asta wa miaka minne. Siku ya kwanza huwa nawaambia wazazi ukweli. Mtoto wa miaka minne hakuja kuona simba. Amekuja kuona mavi ya tembo, na mende anayeyaviringisha, na jinsi dereva anavyomenya ndizi. Kila baada ya saa moja na nusu gari lisimame. Biskuti itoke kabla ya njaa, siyo baada yake. Ukiona mtoto amenyamaza ghafla na kubana magoti, usimuulize maswali. Tafuta mahali pa wazi, kagua pande zote, ashuke akachimbe dawa nyuma ya gurudumu. Haya yote nayajua kwa watoto wa watu kuliko wazazi wao.

Asubuhi tumempata chui juu ya mti, mkia unaning'inia. Wazazi walipiga picha mpaka mikono ikawachoka, na Asta alikuwa amelala, kichwa juu ya mkono wangu. Jioni akakataa kulishwa na mama yake, akanitaka mimi. Mama yake akasema, kwa tabasamu lililoishia midomoni, kwamba mtoto ananisikiliza kuliko anavyomsikiliza yeye. Nikamwambia ni kwa sababu mimi ndiye mwenye biskuti. Ukweli ni kwamba niliuona wivu wake na nikaufurahia.

13 Julai

Nimepiga saa kumi na mbili jioni, nikaambiwa Noela amelala. Kwangu halali kabla ya saa mbili. Tekla akasema siku hizi anachoka mapema, kisha akaanza kwa ile sauti yake ya kanisani:

"Dada, kuna jambo kuhusu kulia kwake. Siku hizi akilia sana..."

"Tekla, mtoto nimemzaa mimi. Kulia kwake nilikusikia kabla yako."

"Najua, dada. Ila ungenisikiliza kidogo tu."

Nikamwambia mtandao unakatika. Haukuwa unakatika. Niliukata.

21 Julai

Nyumbu wamefika mtoni. Watoto watatu wametapika garini mwangu. Kwa jumla, siku njema.

3 Agosti

Tekla alituma ujumbe nipande kilimani saa kumi. Nilipanda mbio nikidhani ni msiba.

Mwalimu Hhando amehamishwa. Januari anatakiwa aripoti Kasulu. Nikampa pole, maana Kasulu ni mwisho wa nchi, na moyoni nikafurahi kwa jinsi nisivyotaka kuiandika hata hapa. Niliona nyumba ya Tekla imefungwa kufuli na Noela yuko kwangu, ananiita mama mimi peke yangu. Furaha hiyo ilidumu kama dakika moja.

"Dada," akasema, "tunaomba twende naye."

Alisema tunaomba. Wamezungumza, Hhando amekubali, kuna darasa la awali kwenye shule hiyo hiyo anayohamia, nami ningekuwa namwona kila kambi ikifungwa. Akanikumbusha kwamba kwetu jambo hili si geni, mwenye watoto humpa ndugu asiye na mtoto, na bibi yetu mwenyewe alilelewa hivyo. Nikamuuliza: mwenye watoto, sawa, na mwenye mtoto mmoja je? Kabla hajajibu, nyuma yake nikamsikia Noela akiita, "Mama!" na Tekla, bila hata kufikiri, akaitika, "Abee, mama."

Nikamwambia nitamjibu msimu ukiisha. Jibu nilikuwa nalo tayari. Nilitaka tu alingoje.

Namwonea wivu mdogo wangu. Nimeliandika sasa, na wino haukugoma. Tulipokuwa wasichana nilimwonea wivu kwa meno yake na kwa jinsi baba alivyokuwa akimkatia nyama kwanza, lakini ule ulikuwa mchezo. Huu wa sasa naamka nao, naupeleka porini, narudi nao. Namwonea wivu kwa kila ukucha anaomkata mwanangu.

9 Agosti

Saa nne na nusu kando ya mto na watoto watatu wa Kifaransa, tukisubiri nyumbu waamue kuvuka. Walipoamua, mtoto mmoja akataka kuchimba dawa. Tumeona mgongo wa nyumbu wa mwisho.

24 Agosti

Tekla ametuma picha. Noela amevaa gauni la njano alilomshonea yeye, na nywele amesukwa mistari mitatu. Kola imekaa sawa. Pindo limekaa sawa. Nilitafuta kasoro kwa robo saa, na mwishowe nikaona kifungo cha pili kimepinda. Nikashuka kilimani nimetulia.

2 Septemba

Mwezi uliopita nilimwagiza Lohay viatu alipokwenda Arusha, vyekundu, vyenye kishikizo kikubwa cha chuma, vile ambavyo Noela alivililia sokoni. Leo Tekla ameniambia vimefika, vizuri sana, Noela amevipenda, ila vinambana. Nilimtajia Lohay namba ya mwaka jana.

Tekla akasema vitamfaa binti wa jirani. Hakusema kwa ubaya. Ningependa siku moja aseme kitu kwa ubaya ili nimjibu.

14 Septemba

Lohay ni mtu mzima, ana wajukuu, na ana tabia ya kuchonga vijiti vya meno huku akikuambia mambo ambayo hukumwuliza. Leo tulipokuwa tunaosha magari alisema nimekonda. Nikamwambia ni kazi. Akasema kazi ni ile ile miaka yote. Akasema, "Mama Noela, unashindana na mtu ambaye hajui kama kuna mashindano. Utakimbia peke yako na bado utashika namba mbili."

Nikammwagia maji kwenye viatu, kwa bahati mbaya.

5 Oktoba

Bi Nanyaro ametangaza siku ya familia: tarehe ishirini na sita. Kila mwaka kabla kambi haijafungwa, ndugu za wafanyakazi huletwa kwa lori la kambi. Wanalala kwenye mahema ya wageni, Bi Nanyaro mwenyewe anawapakulia chakula, na sisi madereva tunawatembeza mbugani kama tunavyowatembeza Wazungu. Noela hajawahi kuja, alikuwa mdogo mno. Mwaka huu anakuja.

Nimeanza kuandaa njia. Najua kundi la simba lenye watoto linakokaa. Najua viboko walipo. Mtoto akishaniona nikiwa kazini, akiona watu wazima wananyamaza nikiinua kidole, hatanisahau tena. Tekla ana gauni la njano. Mimi nina Serengeti nzima.

25 Oktoba

Lori limefika saa moja kasoro. Noela ameteremka wa nne, ameota miguu mirefu, na jino moja limelegea ambalo sikuambiwa. Nikapiga goti nikafungua mikono. Akamwangalia Tekla, Tekla akampa ishara ya kichwa, akaja mpaka mbele yangu akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama mkubwa," akasema.

Watu wakasifu adabu yake. Mama mkubwa! Dada wa mama yake! Tekla alishtuka, nilimwona, akasema, "Noela, huyu ni mama," na mtoto akasema ndiyo, mama mkubwa. Nikaitikia marahaba. Nikabeba begi lao hadi hemani, na kila hatua nilikuwa napanga.

26 Oktoba

Magari yalikuwa mawili, langu na la Lohay. Kwenye orodha ya Bi Nanyaro, Tekla na Noela waliandikwa kwangu. Nikamwambia Tekla kwamba gari langu limezidiwa, mpishi ameongeza watu, apande kwa Lohay, tutafuatana. Alikuwa anaona viti vitupu kwa macho yake. Akaniangalia, kisha akamfunga Noela kofia chini ya kidevu, akamwambia aende na mama yake akamwone simba, halafu aje amsimulie. Noela akapanda. Midomo ilikuwa inamcheza lakini hakulia. Nyuma walikaa mke wa mpishi na wanawe wawili.

Kwenye korongo la kwanza nikachepuka makusudi, nikampoteza Lohay.

Nikamfanyia mwanangu kila kitu ninachowafanyia watoto wa watu. Mavi ya tembo. Mende. Ndizi. Viboko wanaopiga miayo. Watoto wa mpishi walicheka mpaka wakapaliwa. Noela alisema asante. Kwa kila kitu alisema asante, mama mkubwa, kama mgeni aliyefundishwa na kampuni.

Saa nne nikawapata simba pale pale nilipotegemea, majike matatu na watoto sita chini ya mwamba. Sisi madereva tuna sheria moja ambayo haijaandikwa popote: aliyeona hutangaza kwenye simu ya upepo, wenzake waje nao wageni wao waone. Hatusemi simba, maana wageni husikia na kuanza kudai. Tunasema masharubu. Anayeona akanyamaza huitwa mchoyo wa macho, na akijulikana hatangaziwi kitu tena. Miaka saba sijawahi kunyamaza. Na wakati ule ule Lohay akaita.

"Mama Noela, Mama Noela, una chochote huko?"

Nyuma ya sauti yake nilimsikia Tekla akicheka na watu.

"Hakuna kitu," nikajibu. "Swala tu."

Nikazima injini. Nilitaka simba wale wawe wangu na mwanangu. Siku akiwa mkubwa, akiulizwa nani alimwonyesha simba kwa mara ya kwanza, ataje jina moja.

Jike mmoja akainuka, akaja taratibu, akajilaza kwenye kivuli cha gari, mgongo umeegemea gurudumu la mbele. Hupenda kufanya hivyo jua likikaza, si ajabu kwangu. Simba akishalala hapo huwashi injini, unakaa kimya mpaka aondoke kwa hiari yake. Noela akachungulia dirishani, akamwona yule mnyama anapumua chini yake, karibu kuliko mlango wa nyumba yao.

"Namtaka mama," akasema.

"Mama niko hapa."

"Siyo wewe. Namtaka mama."

Nikamwambia anyamaze. Nilimwambia kwa ile sauti ninayotumia kwa wanaume wazima wanaosimama garini. Akaanza kulia. Jike akainua kichwa, na wengine wawili wakasimama kule mwambani. Nikamkaripia tena. Kilio kikatoka kirefu, kikaendelea kutoka, kisha pumzi haikurudi. Mdomo ulikuwa wazi na hakuna sauti. Midomo ikageuka rangi ya zambarau, macho yakazunguka, akalegea mikononi mwangu.

Nilimtikisa. Nilimwita. Mke wa mpishi alianza kusali. Nina cheti cha huduma ya kwanza, najua la kumfanyia mgeni aliyepigwa na jua na mgeni aliyeumwa na nyoka, na kwa mwanangu nilikuwa namtikisa tu kama mfuko. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba kuna mtu alitaka kuniambia jambo kuhusu kulia kwake.

Nikashika simu ya upepo. Masafa yale yanasikilizwa na magari ya kambi zote za upande wetu.

"Lohay, Lohay."

"Sema, Mama Noela."

"Nipe mama yake Noela."

Hilo ndilo jina langu huku porini, wengi hawajui hata kama naitwa Fabiola. Lohay akaniambia nirudie.

"Mama yake," nikasema. "Tekla. Mpe aongee. Mtoto amekata pumzi."

Ikaja sauti ya Tekla, tulivu kabisa. "Usimtikise. Mlaze ubavu. Mpulizie usoni mara moja, kisha mwache. Inarudi yenyewe, dada, huwa inarudi. Mlaze tu."

Nikamlaza kitini. Nikampulizia. Sijui ulikuwa muda gani, mke wa mpishi anasema haukufika dakika. Noela akavuta pumzi, ikaingia kwa kwikwi, akafumbua macho.

"Noela," sauti ikasema kutoka kwenye kile kisanduku, "mama yupo. Yupo kwenye gari la babu Lohay. Unamsikia mama?"

Akaitafuta ile sauti kwa macho. Kisha akanyoosha mikono, akanipita mimi, akakishika kisanduku kwa viganja viwili na kukibandika shavu. Tekla akaongea. Akamsimulia kuhusu kuku wao, kwamba yule mweusi amejificha na mayai, na wakirudi watamtafuta. Aliongea karibu dakika arobaini, mpaka jike alipochoka na kivuli chetu akaondoka. Muda wote huo hakuna dereva aliyeingilia. Kama kuna aliyeona chui saa ile, alikaa naye kimya.

Mimi nilikaa nimeshika usukani wa gari lililozimwa.

27 Oktoba

Lori limeondoka alfajiri. Kabla ya kupanda, Tekla alinivuta pembeni ya tangi la maji. Nilikuwa nimejiandaa.

"Mchukue," nikamwambia. "Nenda naye Kasulu. Umeshinda."

Nimeishi naye miaka thelathini na moja, na leo ndiyo nimemwona amekasirika. Hakupaza sauti. Shingo ndiyo ilimsimama.

"Jana ulininyima kwa hasira, sasa unanipa kwa hasira. Mtoto hatolewi hivyo, dada. Nilikuambia Julai kwamba anakauka akilia, ukanikatia simu. Ulidhani sikujua kuwa umenikatia?"

Nikalifungua bomba la tangi, nikalifunga tena. Akaendelea.

"Kambi ikifungwa, usiende kwako. Njoo ukae kwangu mpaka tutakapohama. Umwogeshe wewe, umlishe wewe, akulilie wewe. Mimi nitakaa pembeni. Kisha ndipo utanijibu."

"Na kama bado atakutaka wewe?"

"Basi utakuwa umeona mwenyewe," akasema, na akapanda lori.

30 Oktoba

Tangu siku ile hakuna aliyenitangazia kitu kwenye simu ya upepo, hata nyani. Lohay hajaniuliza kuhusu swala. Nilimtaka aniulize.

15 Novemba

Tumekunja mahema ya mwisho. Mvua za vuli zimeanza. Nimemwambia Lohay kwamba siku ile niliona masharubu, nikawaficha. Akasema, "Najua, mwanangu. Swala hawamfanyi mtoto alie." Akanipa kijiti cha meno.

18 Novemba

Karatu. Matope hadi mlangoni kwa Tekla. Nimeanza kumwogesha Noela jana, akakaa kwenye beseni kama mtu anayesubiri hukumu. Yapo mambo ambayo watoto wote wanaojua kusema wangekuambia, lakini Noela anangoja umjue: hali ugali ukigusana na mboga. Halali bila mlango kuwa wazi kidogo. Akisema hasikii baridi, anasikia. Nimeyapata kwa kukosea moja baada ya jingine. Tekla alikaa pembeni kama alivyoahidi, mikono ameikalia.

29 Novemba

Leo sikuitwa mama wala mama mkubwa. Nimeitwa "wewe". Tekla anasema ni maendeleo, na hakuwa anatania.

4 Desemba

Nimemchana nywele, akalia, akakauka. Sikumtikisa. Nilipotazama nyuma, Tekla alikuwa amesimama mlangoni, ameng'ata kanga yake.

10 Desemba

Nimekwenda kuonana na watu wa magari yanayopeleka wageni kreta ya Ngorongoro asubuhi na kuwarudisha jioni. Wamenikubali kuanzia Januari. Hakuna kambi, hakuna nyumbu wanaovuka mto, na wanawake waongoza watalii wako wengi tu, sitakuwa wa ajabu kwa mtu. Ila saa kumi na mbili jioni nitakuwa nyumbani. Sijamwambia Tekla. Bado namwonea wivu. Leo asubuhi Noela alimletea yeye jino lililong'oka.

20 Desemba

Wanahama Jumamosi ijayo. Nusu ya nyumba iko kwenye maboksi na Mwalimu Hhando amekwenda kuulizia lori.

Mchana mvua ilikatika. Mimi na Tekla tulikaa barazani tunachambua mchele, yeye kwenye mkeka, mimi kwenye kigoda, hatuongei sana. Noela akatoka ndani ameamka usingizini, macho nusu, alama za mkeka shavuni. Akatembea vile anavyotembea kila siku akiamka, moja kwa moja kwa Tekla. Akafika kwenye magoti yake. Akayapita. Akaja akapanda mapajani mwangu, akageuza kichwa mara mbili kutafuta pa kukiweka, akalala tena.

Nilitaka kupiga vigelegele. Miezi sita nimeiomba dakika ile. Na jambo la kwanza nililofanya, Mungu anisamehe, ni kumwangalia Tekla nihakikishe ameona.

Alikuwa ameona. Alikuwa ameinamia ungo, anaendelea kuchambua kwa haraka, ila alikuwa anatupa mchele na kuacha mawe. Punje zilikuwa zinadunda barazani, naye hazioni. Nikaujua ule uso. Ni uso niliokuwa nao mimi juu ya kilima cha mawe.

Akasema anakwenda kuangalia chungu. Hapakuwa na chungu motoni.

Ningeweza kukaa pale na mwanangu mpaka jioni, na hakuna ambaye angenilaumu. Nikainuka naye taratibu asiamke, nikamfuata mdogo wangu jikoni. Alikuwa amesimama mbele ya mafiga yaliyopoa.

"Nimepata kazi hapa hapa," nikamwambia. "Noela atabaki na mimi."

"Najua," akasema bila kugeuka. "Najua, dada. Nimeshajua tangu wiki iliyopita."

Nikamsogelea. Mtoto alikuwa bado amelala.

"Mpokee kidogo," nikasema. "Mkono umekufa ganzi."

Mkono wangu ulikuwa mzima kabisa, na Tekla alijua. Akageuka, akafuta uso kwa kanga, akampokea Noela. Nami nikarudi barazani kuokota mchele.